Pembe ya Baba, Saksafoni ya Umma

Baba yangu alikuwa na sauti moja tu. Sisemi sauti ya kusemea, maana hiyo alikuwa nayo tele, na majirani zetu wa Kagoma wangeshuhudia. Nasema sauti ya pembe. Alikuwa mpiga makondere kwenye ikulu ya omukama, mfalme wetu wa zamani. Makondere ni pembe za vibuyu virefu vilivyounganishwa na kuvikwa ngozi, nazo hupulizwa ubavuni. Kila pembe ina sauti moja, ya pili haina. Ili wimbo upatikane wanatakiwa watu watano, kila mmoja akae kimya mpaka zamu yake, apulize, anyamaze, amwachie mwenziwe. Pembe ya baba ilikuwa ya tatu. Akiipuliza peke yake ungedhani ni ng'ombe aliyepotea njia. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwambia hivyo, nikala kofi la haki kabisa.

Wimbo ule tuliujua kabla hatujajua kusoma. Mama alipokaa kumenya ndizi nasi tumemzunguka, baba alitugawia pembe za mdomo. Dada mkubwa alikuwa ti, dada mdogo to, baba mwenyewe hu, mama nde, na mimi kitinda mimba mbu, ya mwisho. Ti, to, hu, nde, mbu, unazunguka, unarudi, unapindishwa, lakini zamu ni zamu. Aliyeiwahi zamu yake alirushiwa ganda la ndizi usoni. Na siku ambazo baba hayupo, akiwa ikulu, tuliuimba vilevile, ila pale pake pa tatu tulipaacha wazi. Siku moja nilijifanya hodari nikapajaza. Mama aliweka kisu chini. Akaniambia nafasi ya mtu haijazwi wakati mwenyewe bado anapumua, maana kumjazia ni kumchimbia kaburi. Mpaka azikwe, na musika wake, yaani mrithi, akalishwe mahali pake. Tangu siku hiyo ulimi wangu ulijua kukaa kimya pale pa tatu, hata nikiwa usingizini nadhani.

Kisha Uhuru ukaja, na baada yake machifu wakaondolewa. Mimi sina ugomvi na Uhuru, nisije nikasingiziwa. Tuliucheza usiku na mchana, na baba alikuwa mwanachama mwenye kadi kabla ya wengi waliojidai baadaye. Lakini alirudi nyumbani na pembe yake ameiviringisha kwenye shuka, akaichomeka juu kwenye boriti, na wenzake wanne wakatawanyika. Mmoja alikwenda Uganda kutafuta kibarua, akapotelea huko. Mmoja akawa katekista, akasema mambo ya ikulu ni ya kale na yeye hayataki tena. Wawili walikufa, mmoja baada ya mwingine, tukawazika. Basi baba akabaki na hu yake.

Hakuwa mtu wa kulia. Alilima kibanja chake, akachuma kahawa yake, Jumapili akaenda misa. Ila akishakunywa lubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, alitazama juu kwenye boriti, akasema hana deni na Mungu wala na serikali, anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: kuipuliza pembe ile mahali pake, ndani ya wimbo mzima, japo mara moja. Mama alimwambia anyamaze, ale. Mimi niliyasikia maneno yale mara nyingi mno, na yaliniuma kila mara, kwa sababu nilijua hayawezekani.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sina kazi, natembea tu na kiburi changu, tuliposikia kwamba mjini Bukoba kumefunguliwa chuo cha muziki. Zilikuwa zama za ujamaa na kujitegemea, na mkoa, walisema, unahitaji vijana wa kupiga muziki kwenye mikutano na sherehe za taifa. Chuo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la kahawa upande wa Nshambya. Vumbi la maganda lilikuwa bado limejaa kwenye nyufa, na ukivuta pumzi ndefu, kama tulivyofundishwa, ulipiga chafya. Mwalimu wetu alikuwa mzee kutoka Tabora aliyepuliza katika bendi ya jeshi tangu enzi za Mwingereza. Alitupanga mstari, akatuambia tufungue midomo, akatukagua meno kama anayenunua mbuzi. Mimi nilitaka gitaa, kila mtu alitaka gitaa. Akanishika taya, akasema, "Huyu saksafoni."

Nilinuna. Halafu akaichukua yeye saksafoni, akaipuliza polepole kutoka chini kwenda juu ili atuonyeshe, na mimi humo ndani nikasikia ti. Nikasikia to. Nikazisikia zote tano, zimekaa pamoja kwenye bomba moja la shaba. Yaani mtu mmoja anaweza kuwa watu wanne! Mimi nikiwa wale wanne, baba anakuwa wa tano, na wimbo umepatikana. Niliacha kununa palepale. Wenzangu walikwenda chuoni kutafuta kazi, wengine kutafuta wasichana. Mimi nilikwenda kwa ajili ya hu ya baba yangu, na sikumwambia mtu.

Nilipanga chumba Hamugembe, kwa mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani. Alikuwa na Kiswahili cha kukata kama wembe, na mimi na changu cha shuleni alinifanya kichekesho. Aliniita nshomile, kama wanavyotutania Wahaya kila mahali, kwamba tunajisifia kusoma. Ala za chuo zilikuwa haziruhusiwi kutoka getini, isipokuwa kile kipande cha kutia mdomoni chenye ulimi wake wa tete, ambacho mwalimu alituachia tukafanyie mazoezi ya pumzi. Basi jioni nilikaa migombani nyuma ya nyumba, nikapuliza kipande hicho. Kinatoa mlio mmoja mbaya sana. Mama mwenye nyumba alivumilia, akavumilia, mwishowe akatoka na upawa mkononi akaniuliza, "Mwanangu, huyo bata unayemchinja kila siku, hafi?"

Chuoni nilikuwa na matatizo yangu. Mwalimu alitufundisha kupanda ngazi ya nota, moja mpaka nane. Mimi napuliza ya kwanza, napuliza ya pili, ya tatu nanyamaza, naendelea na ya nne. Sikufanya kusudi. Kidole kilikuwa mahali pake, pumzi ipo, lakini ikifika ya tatu mwili wote unakaa kimya wenyewe. Alinirudisha. Nikaruka tena. Alinigonga goti kwa kijiti chake, nikaruka tena. Darasa zima limeacha kupuliza, linanitazama.

"Unamngoja nani?" mwalimu akaniuliza.

"Namngoja baba, mwalimu."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Tangu siku ile jina langu chuoni likawa Namngoja Baba, na nilipigana na watu wawili kwa sababu yake, nikashindwa na wote wawili. Mwalimu hakucheka. Darasa lilipotoka aliniweka kitako, nikamweleza yote, ikulu, pembe, maganda ya ndizi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema anaelewa, lakini kwenye bendi nikiacha pengo wachezaji watajikwaa, na saksafoni haina mwenzi wa kupokezana naye, nikishaitia mdomoni niko peke yangu. Alikuwa na haki. Nilijizoeza, nikajilazimisha, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuipuliza ile ya tatu bila kuhisi kwamba namkosea mtu adabu.

Likizo ya kwanza ilipokaribia nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Nilivaa shati safi, nikamwomba saksafoni niende nayo nyumbani Kagoma, Muleba, nitairudisha inang'aa kuliko nilivyoichukua. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionikasirisha zaidi. Aliniambia ala zile zimetoka nchi rafiki, ni mali ya umma, haziwezi kwenda kupulizwa migombani kwa mtu binafsi. Nikamwambia, "Ndugu Mkuu, baba yangu naye ni umma." Akasema subira huvuta heri, na kwa sababu ya ulimi wangu ule nikafyeke nyasi za nyuma ya ghala kabla sijapanda basi. Nikafyeka zote, natukana kimoyomoyo kwa Kihaya, lugha inayofaa sana kwa kazi hiyo.

Nyumbani nilikuta pembe imeshushwa. Nilikuwa nimetuma habari mbele, mjinga mimi, nimeshindwa kuyafunga maneno moyoni. Baba ameipaka samli ngozi ikalainika, amefunga upya mahali palipolegea, na kifua chake kilikuwa bado kifua. Aliipuliza siku ile mbele yangu, ikasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kisha akaniuliza kiko wapi hicho chombo chenye sauti zote. Nikamweleza habari za mali ya umma, nikitegemea tutakasirika pamoja. Wapi! Mwanachama mwenye kadi akatikisa kichwa, akasema mkuu wa chuo kasema kweli, kitu cha wote hakiwezi kubebwa na mmoja, na zamu yetu itafika. Nilitoka nje nikapiga teke mgomba.

Tulijaribu kwa mdomo. Mimi ti na to na nde na mbu, yeye na pembe yake. Haikuwa kitu. Sauti yangu ya mdomo ilifunikwa na pembe, tukaacha, tukacheka kidogo. Lakini likizo nzima alinifundisha. Mimi niliujua wimbo kitoto, yeye akaniingiza ndani: wapi ti inavutwa, wapi nde inauma mapema kidogo, wapi wote wanashusha pumzi omukama anapoketi. Sehemu za wenzake wale wanne alizijua zote kichwani, na alipofika kwa mmoja wa wale waliokufa alikuwa akisema, huyu alikuwa mvivu wa pumzi lakini mtamu. Alikuwa na furaha siku zile, na mimi hiyo ndiyo furaha ninayoikumbuka kwa uchungu kuliko misiba yote. Kama wangenipa ile saksafoni likizo ile, yangekwisha. Kila kitu kilikuwepo, kifua chake, pembe, wimbo, mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini bado naikodolea macho ile ardhi iliyolowa.

Likizo ya pili hatukwenda nyumbani kabisa. Kulikuwa na sherehe, na bendi ya chuo ilitakiwa. Tulipiga uwanjani tumevaa mashati ya kijani, na mimi nilipuliza nota zangu zote bila pengo hata moja, watu wakacheza vumbi likatimka, mwalimu akanipiga bega. Wiki hiyohiyo mtu wa kwetu alishuka basi na mkungu wa ndizi na salamu za mama. Kifua kimembana baba. Hospitali ya misheni wamemwambia ni mapafu, wamempa dawa, amerudi nyumbani. Analala ameketi. Nikaenda tena kwa mkuu. Safari hii hakunifyekesha nyasi, alinipa pole za kweli, akanipa ruhusa ya kwenda kumwona mzee. Saksafoni akasema ibaki. Nikamwambia bila hiyo siendi, nikatoka. Hasira zangu hizo. Mama mwenye nyumba aliposikia alinikalisha jikoni, akanipa chai, hakuniita nshomile.

Mwalimu ndiye aliyefungua njia. Kulikuwa na kijiji cha ujamaa kinazinduliwa huko Muleba, na bendi ikaitwa kwenda kupiga. Tukapakiwa kwenye lori na ngoma na magitaa na saksafoni yangu kwenye sanduku lake. Tulipomaliza kupiga, viongozi wakaingia kula, na chakula cha viongozi hakiishi upesi. Mwalimu akaniita pembeni. Alikuwa ameazima baiskeli ya katibu wa kata. Akasema lori linaondoka jioni, na yeye hajaniona.

Nilifunga sanduku mgongoni kwa kamba. Sijui niliipandaje ile milima. Nilifika nyumbani shati limeshika mwili, sauti sina, na mama alipotoka mlangoni akaona sanduku alijifunika uso kwa khanga.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani, ameegeshwa kwa mito, na mabega yamepanda masikioni kama ya mtu anayesikia baridi. Sikumtambua, nasema ukweli. Nilimtambua alipotabasamu. Akauliza, "Umeruhusiwa?" Nikasema nimeruhusiwa. Akauliza tena kama ni ruhusa ya chuo au ni uhuni wangu, nikasema ni mwalimu mwenyewe. Akaridhika. Akamwambia mama amletee pembe, na maji ya kusukutua.

Nikaunganisha saksafoni. Alinyoosha mkono akaigusa, akasema ni nzito, nikasema ndiyo, Tata, kama tunavyomwita baba kwa Kihaya. Kisha akaweka pembe mdomoni ubavuni kama zamani, akanipa ishara kwa nyusi. Nikaanza. Ti, to, na hapo nikanyamaza, kwa raha kubwa, maana kwa mara ya kwanza tangu niingie chuoni nilikuwa nanyamaza mahali panapostahili. Nikangoja hu ya baba. Ukatoka upepo. Upepo mtupu, kama mtu anayepuliza uji. Nikaendelea, nde, mbu, nikazunguka, nikarudi, to, nikamwachia. Upepo. Majirani walikuwa wameanza kusogea kwenye ua, wale wazee walioujua wimbo, na kila tukifika pale pa tatu niliwaona wanainua videvu kumsaidia. Mara ya tatu hata upepo haukutoka vizuri, akakohoa, mama akamshika mgongo.

Nikasema tupumzike, nitarudi kesho, nitarudi na lori jingine. Nilikuwa nadanganya na wote tulijua. Baba alisukutua, akatema, akajaribu tena. Mashavu yalijaa, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakamtoka, na pembe haikusema kitu. Aliiteremsha mapajani. Aliipangusa mdomo wake kwa kiganja, polepole.

"Jaza," akaniambia.

Nikasema sijazi. Nikamwambia nitamngoja, nitaipunguza kasi, nitamwachia nafasi kubwa zaidi. Nilikuwa nimeanza kulia na nimekasirika, vyote pamoja, nikamwambia yeye mwenyewe anajua kwamba nafasi ya mtu haijazwi anapumua, na mama anajua, maana ndiye aliyeweka kisu chini akanikanya kwa jambo hilo. Nilimtazama mama anisaidie. Mama aliinamisha kichwa. Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mtii baba yako."

"Jaza, nisikie," baba akasema.

Nikajaza. Ti, to, hu, nde, mbu. Ilitoka safi, mwalimu angefurahi. Mara ya kwanza aliniinulia kidole, akasema nimechelewa, hu haingoji kukaribishwa. Nikarudia, akasema sasa nimeikaza mno. Nikarudia, na wimbo ukaanza kwenda. Ukaenda wote, mpaka pale wanaposhusha pumzi, mpaka mwisho, kama alivyonifundisha, na wazee uani walikuwa wakitikisa vichwa na machozi. Baba alisikiliza amefumba macho na pembe iko mapajani. Nilipomaliza aliyafumbua, akatutazama sote, mimi, mama, na wale wa uani.

"Sasa mmetimia," akasema.

Nilirudi Bukoba na lori lile jioni, na mwezi uliofuata nikaitwa kwenda kumzika. Nimepuliza saksafoni miaka mingi baada ya hapo, kwenye bendi na kwenye harusi za watu, na neno lile halijaniacha. Mmetimia. Hakusema tumetimia. Baba alikuwa na Kiswahili cha mikutanoni, alichanganya viambishi hovyo, sisi akaita ninyi, ninyi akaita wao, tukamcheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Lakini neno lile alilisema kwa Kihaya, na kwa Kihaya baba yangu hakuwahi kukosea.